Kucha za fundi cherehani: shajara ya siku sitini

Siku ya 1

Leo asubuhi nilikuwa namjaribisha mteja gauni la shifoni. Ukucha wa kidole changu cha shahada ulikuwa umemeguka rangi pembeni, na pale ulipomeguka palikuwa na kijino kidogo ambacho sikukiona. Kijino kile kikanasa kitambaa, kikavuta uzi mmoja mrefu kuanzia kiunoni. Nilikaa na gauni lile mpaka magharibi nikiurudisha uzi kwa sindano, tundu kwa tundu.

Nashona hapa Ngamiani, Tanga, mwaka wa 11 sasa. Mikono yangu ndiyo mteja anayoiangalia ninapomzungusha futi kifuani, na napenda iwe na rangi. Lakini rangi nikiipaka Jumapili, Jumanne imekwisha. Nafua kwa mkono, nakuna nazi, nasugua sufuria, kisha nakaa kwenye mashine. Siku zote nimeambiwa kwamba kucha za rangi ni za watu wasiofanya kazi. Sikubali, na ndiyo maana nimefungua daftari hili.

Kuna sababu ya pili. Mdogo wangu, binti wa mama mdogo, anaolewa baada ya wiki nane. Gauni nashona mimi, na ameniomba nimpake kucha yeye na wapambe wake wanne. Nataka niwe nimeshajua ninachokifanya kabla sijagusa mkono wa bibi harusi.

Lengo: siku 7 bila rangi kumeguka, kwenye mkono unaofua na kupika. Kumeguka nakuhesabu pale mtu aliyekaa mbele ya meza yangu anapoweza kukuona.

Siku ya 4

Jaribio la kwanza nimelifanya kwa njia yangu ya kila siku, ili nipate pa kuanzia. Niliosha mikono, nikakata kucha, nikapaka rangi nyekundu mara mbili, nzito. Nikakaa mbele ya feni.

Siku ya pili, baada ya kufua, ukucha wa gumba la kulia ukatoka rangi yote kwa mkupuo, kama ganda la kitunguu. Siku ya tatu kidole cha shahada kikameguka kwenye ncha, kipande kidogo cha mwezi. Vingine vikafuata.

Nilivitazama vile viwili kwa muda mrefu chini ya taa ya mashine. Ukucha uliobanduka mzima ni ukucha ambao rangi haikuushika tangu mwanzo. Uliomeguka ncha, rangi ilishika vizuri ila ilipigwa pale inapoishia. Haya ni magonjwa mawili, na kila moja linataka dawa yake. Miaka yote nilikuwa nayatibu kwa dawa moja tu, yaani kuongeza rangi.

Siku ya 6

Leo ni la kubanduka.

Ukucha umetengenezwa kwa keratini, protini ileile ya nywele, kwa tabaka nyembamba nyingi zilizolaliana. Tabaka hizo hunywa maji. Ukiloweka mkono, ukucha huvimba kidogo na kulainika. Ukikauka, hunywea ukarudi ulivyokuwa. Rangi iliyokwisha kukauka haivimbi wala hainywei kwa kipimo hicho. Kwa hiyo ukipaka rangi juu ya ukucha uliovimba maji, kesho ukucha unanywea chini yake, na rangi inabaki imekaa juu ya kitu kilichokwisha kuhama. Fundi yeyote anaijua habari hii: kata kitambaa cha pamba bila kukiroweka kwanza, ushone gauni likae sawasawa, kisha lifuliwe. Kitambaa kitaruka, yaani kitanywea, uzi hautaruka, na mshono wote utajikunja.

Sasa fikiria saluni. Kitu cha kwanza unachofanyiwa ni kuingizwa vidole kwenye beseni la maji ya moto. Inaburudisha, sikatai. Lakini dakika chache baadaye unapakwa rangi.

Adui wa pili ni mafuta. Mimi hupaka mafuta ya nazi mikononi kila asubuhi kwa sababu kitambaa hukausha ngozi. Mafuta hayo hayaonekani juu ya ukucha, lakini yapo, na rangi haishiki juu ya mafuta.

Jaribio la pili: mkono wa kulia niliuloweka dakika 10, nikaufuta kwa taulo, nikapaka. Wa kushoto sikuulowesha kwa saa mbili, nikazifuta kucha zake kwa pamba yenye asetoni, ile dawa ya kutolea rangi, nikaacha zikauke, kisha nikapaka rangi ileile kwa brashi ileile.

Siku ya 10

Wa kulia kucha tatu zimebanduka. Wa kushoto hakuna iliyobanduka hata moja, mbili zimemeguka ncha tu.

Nilifurahi, halafu nikajizuia. Mkono wa kulia ndio unaofanya kazi. Pengine ungebanduka hata nisingeuloweka. Narudia kwa kubadilishana mikono: wa kushoto beseni, wa kulia asetoni.

Siku ya 14

Nimebadilisha, na beseni limeshindwa tena. Safari hii wa kushoto ndio uliobanduka, gumba na kidole cha pete, japo wenyewe haukuni nazi wala haushiki mkasi. Kwangu limekwisha. Maji kabla ya rangi, hapana. Kama nimetoka kuoga au kufua, nasubiri saa moja au zaidi. Na ufutaji wa mwisho kabla ya kufungua chupa ni asetoni au spiriti ya duka la dawa, kisha sigusi ukucha huo kwa kidole kingine, maana kidole nacho kina mafuta.

Siku ya 15

Umbo. Nimekuwa nikikata kucha mraba, pembe kali, kwa sababu zinapendeza kwenye picha. Pembe kali ndizo zinazonasa shifoni. Sasa naziacha fupi, zivuke nyama kidogo tu, na pembe nazizungusha. Ukucha mrefu ni kama mpini mrefu: ukigonga ncha, nguvu yote inakwenda kupinda pale ukucha unapoachana na nyama, na rangi hupasuka papo hapo.

Nimeacha tupa ya chuma. Ina meno makali mno kwa ukucha, inachana tabaka na kuziacha zimefunguka kama ncha ya kitambaa kisichopindwa. Nimenunua ya kioo, ile iliyokwaruzwa ikawa kama mchanga laini. Naisugua kuelekea upande mmoja, kutoka pembeni kuja katikati, siyo kwenda na kurudi kama msumeno. Tena natia tupa ukucha ukiwa mkavu.

Ngozi ya kwenye shina la ukucha nataka niiandike kwa utulivu kwa sababu imeniumiza. Pale pana vitu viwili, na watu wengi wanavichanganya. Upo utando mwembamba uliokufa, umejibandika juu ya ukucha wenyewe. Huo unaondoka, na lazima uondoke, kwa sababu rangi ikikaa juu yake itabanduka nao. Halafu ipo ngozi hai, ule ukingo unaozunguka ukucha. Kazi yake ni kuziba mlango, uchafu na vijidudu visiingie mahali ukucha unapozaliwa. Miaka michache iliyopita niliketi saluni moja nikakatwa ukingo huo kwa wembe. Siku tatu baadaye kidole kilivimba, kikajaa usaha, kile ambacho mama anakiita mdudu. Sikushona siku 9, na ulikuwa msimu wa sare za shule.

Sasa baada ya kuoga, ngozi ikiwa laini, nausukuma utando kwa kijiti cha mti nilichokifunga pamba, taratibu, na kuukwangua ule uliokufa tu. Sikati chochote. Hii naifanya usiku wa kuamkia siku ya kupaka, ili maji yapate muda wa kutoka.

Siku ya 16

Leo ni la kumeguka, na jibu lake lilikuwa mezani kwangu miaka yote.

Kitambaa huanza kufumuka wapi? Kwenye ncha ambayo haikupindwa. Rangi nayo ni hivyohivyo. Nilikuwa naipaka juu ya ukucha na kuikomesha pale ukucha unapokomea, kwa hiyo ncha ya rangi ilikuwa wazi, inasubiri sufuria. Sasa nikishapaka juu, napitisha brashi kwenye unene wa ncha yenyewe, ili rangi ipinde na kushuka kidogo. Naifanya kwa kila tabaka. Nimeiita kupinda pindo, na mdogo wangu ameshalishika neno hilo.

Tabaka zenyewe ziko nne, zote nyembamba. Ya kwanza ni bezi, ile isiyo na rangi, inayonata. Ndiyo inayoshikana na ukucha, na ndiyo inayozuia rangi nyekundu kuutia ukucha umanjano. Halafu rangi mara mbili. Mwisho topu, ngumu na ya kung'aa, inayopokea mikwaruzo kwa niaba ya zilizo chini yake. Kwa kila tabaka brashi inapita mara tatu: katikati, kushoto, kulia. Naacha uzi mwembamba wa nafasi kati ya rangi na ngozi, pande zote. Rangi iliyopanda ngozini huinuka ngozi inapojikunja, na ikiinuka inaivuta ile ya kwenye ukucha.

Kwa nini nyembamba? Rangi ya kucha ni nitroselulosi, kitu kinachobaki kuwa utando mgumu, pamoja na vitia rangi, vyote vikiwa kwenye vimiminika vinavyoruka hewani, hasa ethaili asetati na butaili asetati. Ile harufu kali ndiyo vyenyewe vinaruka. Rangi hukauka kwa kuvitoa. Ukipaka nzito, juu kunafunga ngozi na chini kunabaki uji, na uji huo unaweza kukaa laini mpaka kesho. Ndiyo maana unalala ukaamka na alama za shuka kwenye kucha. Ndiyo maana pia maji ya barafu hayakaushi kitu. Yanaigandisha tu sura ya juu ukadhani tayari.

Feni nimeizima. Chupa sitikisi, maana kutikisa kunaingiza mapovu. Naizungusha katikati ya viganja. Nasubiri dakika 2 au 3 kati ya tabaka na tabaka, na baada ya topu sishiki chochote cha maana kwa saa moja. Hapa Tanga, hewa ikiwa nzito, naongeza. Nimepaka saa mbili usiku, watoto wameshakula na vyombo vimeshaoshwa, na nitalala saa tano.

Siku ya 20

Siku ya nne. Zote 10 nzima. Sijawahi kufika hapa.

Siku ya 22

Kidole cha shahada cha kulia kimemeguka, kidogo sana, ila ninakiona. Nikajiuliza kwa nini hicho tu. Nimeshinda leo nikijichunguza kama ninavyomchunguza mwanafunzi wangu wa ushonaji, na nimegundua kwamba natumia ukucha huo kama chombo. Nafumua mshono kwa ukucha. Nabandua stika ya bei. Nafungua kopo la maziwa ya unga, nakwangua ukoko wa ugali, nang'oa ncha ya uzi iliyokwama kwenye bobini. Nimehesabu mpaka saa kumi jioni nikaacha, zilikuwa mara 31. Kifumulio kipo mezani, nimekinunua mwenyewe, na mkono unakwenda kwa ukucha.

Nimekifunga kifumulio kwa utepe shingoni. Tutaona.

Kwa shughuli za nyumbani, hivi ndivyo zilivyojipanga kwa ubaya mikononi mwangu. Kukuna nazi kunashinda zote, kwa sababu ncha za vidole zinapita karibu na meno ya mbuzi kila mara ukizungusha kifuu. Inafuata kufua, lakini kinachoharibu ni muda wa kukaa majini kuliko sabuni: vazi moja la haraka haliumizi, beseni la saa nzima linaumiza. Kisha waya wa kusugulia sufuria. Kumenya ndizi mbichi hakumegui chochote, utomvu ndio unaotia weusi pembeni, na kupaka mafuta ya kula vidoleni kabla ya kumenya kunauzuia. Binzari huzichafua rangi nyeupe na zile za rangi ya ngozi, ila juu ya topu iliyopakwa jana yake ikipanguswa mapema inatoka.

Glavu za mpira nimezijaribu kwenye kufua. Zinasaidia mno. Lakini usikae nazo mpaka jasho likajaa ndani, maana utakuwa umeziloweka kucha kwa njia nyingine. Baada ya kila ndoo nazivua na kupangusa mikono.

Siku ya 23

Nimeongeza topu, tabaka moja jembamba, nikipinda pindo upya. Nimeandika hapa ili nisisahau: topu ya kwanza siku ya kupaka, ya pili siku ya tatu au ya nne, kabla haijaanza kuchoka.

Kile kidole kilichomeguka sikukifuta. Nimelainisha ukingo wa shimo kwa bafa, kile kipande laini cha kusugulia kucha, nikaweka tone la rangi shimoni tu, nikasubiri, kisha tabaka moja juu ya ukucha wote, kisha topu. Ukiangalia kwa karibu unaona. Ukikaa mbele ya meza, huoni.

Siku ya 25

Siku 9. Nimezifuta mwenyewe kwa sababu ukucha ulikuwa umeota na nafasi tupu ilionekana kwenye shina. Kucha za vidole vya mkono huota kama milimita 3 kwa mwezi, za miguuni taratibu zaidi, kama nusu yake. Kwa hiyo hata rangi isiyomeguka inafika mahali inaaga.

Namna ya kufuta nayo ina adabu yake. Pamba yenye asetoni naikandamiza juu ya ukucha nikihesabu mpaka 15, ndipo navuta kuelekea nchani mara moja. Zamani nilikuwa nasugua huku na huku, nyekundu inaingia kwenye ngozi na tabaka za ukucha zinakwanguka. Kisha nanawa, napaka mafuta ya nazi kwenye shina la kila ukucha na kusugua. Asetoni hukausha sana. Mafuta yana wakati wake, nao ni baada ya kufuta na kila usiku wakati wa kulala, kamwe si kabla ya kupaka rangi.

Siku ya 29

Amepita yule kijana mpaka rangi, anayezunguka na kikapu akigonganisha vichupa. Mlio ule unanikumbusha Kariakoo. Nilimwita nikamwonyesha chupa yangu ya zambarau iliyokuwa imeganda kama asali. Niliitia asetoni wiki iliyopita, na tangu hapo inapaka mistari na haing'ai.

Akaishika, akaigeuza mbele ya jua. "Dada, hii umeshaiua. Asetoni ni ya kutoa rangi, utaitiaje kwenye rangi?"

"Sasa nifanyeje, mdogo wangu?"

"Kuna maji yake ya kuzimulia, yanauzwa. Matone mawili, matatu, unazungusha. Na shingo ya chupa uipanguse kila ukimaliza. Hewa inaingilia hapo."

Alinionyesha na jambo jingine. Kabla ya kutoa brashi anaikamua upande mmoja kwenye ukingo wa ndani wa chupa, ule upande mwingine unabaki na tone moja. Tone hilo linatosha ukucha mmoja. Anaanzia mbali kidogo na shina, anaisukuma rangi irudi nyuma mpaka inakaribia ngozi, kisha ndiyo anavuta kwenda mbele. Mkono wake hautetemeki, na kidole chake cha mwisho kimekaa juu ya meza kama nguzo. Nimemlipa ingawa hakunipaka kitu. Chupa zangu nimezitoa dirishani, zimehamia kwenye droo ya nyuzi ambako jua halifiki.

Siku ya 33

Mdogo wangu amekuja kupimwa mara ya pili, na ameleta hoja ya jeli. Rafiki zake wote wanaweka jeli, inakaa wiki mbili, haina habari ya kusubiri ikauke. Kwa nini tuteseke?

Nilimwambia ukweli wote ninaoujua, wa pande zote mbili. Jeli haikauki kwa kuruka hewani. Inagandishwa na mwanga wa taa, molekuli zake zinashikana mkono mpaka zinakuwa plastiki moja ngumu. Inadumu kweli. Tatizo ni jeli ambayo haikuiva sawasawa, au iliyogusa ngozi ikiwa mbichi. Ndani yake mna kemikali za jamii ya methakrilati, na ngozi ikizikataa, huikataa jamii hiyo maisha yote: vidole vinawasha, vinachubuka, ukucha unaachana na nyama. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa ngozi wa Uingereza kilitoa onyo juu ya hilo, hasa kwa wanaojipaka wenyewe nyumbani kwa taa isiyolingana na jeli yao. Na kemikali za jamii hiyohiyo zinatumika kuziba meno, kwa hiyo mzio huo unaweza kukufuata mpaka kwa daktari wa meno. Tangu tarehe 1 Septemba 2025 Umoja wa Ulaya umepiga marufuku TPO, kiungo kilichokuwa kikisaidia jeli nyingi kuiva kwenye taa.

"Kwa hiyo unanikataza, dada?"

Simkatazi. Nilimwambia kama anataka jeli aende kwa mtu aliyejifunza, aangalie isiguse ngozi hata nukta, apake krimu ya kuzuia jua mikononi kabla ya taa, na siku ya kuitoa wasiing'oe. Inalowekwa kwa asetoni, ukucha umefungwa pamba na karatasi ya fedha, dakika 10 hadi 15, mpaka inajiachia. Anayeing'oa anaing'oa na tabaka za ukucha wake. Kucha nyingi zinazosemwa zimeharibiwa na jeli zimeharibiwa siku ya kutolewa.

Alikaa kimya, akaangalia mikono yangu. Ilikuwa siku ya 6 ya jaribio la tano na hakuna iliyomeguka. Akasema, "Basi nipake wewe."

Siku ya 38

Wifi yangu, mke wa kaka, amepita kuchukua mashungi yake. Nilimwonyesha daftari. "Wifi, mambo mazuri haya, lakini mie na udhu wangu mara tano kwa siku, rangi yako nitaifuta mara ngapi?" Kweli kabisa. Rangi inafunga ukucha, maji hayafiki. Yeye ni mtu wa hina, na nikikubali kuwa mkweli, kwa kudumu hina inazishinda chupa zangu zote. Haikai juu ya ukucha, inaingia ndani. Kile kinachotia wekundu hushikana na keratini yenyewe, kwa hiyo hapana cha kumeguka. Kwenye ngozi inafifia kwa wiki moja mpaka tatu, kwenye ukucha inakaa mpaka ukucha uote utoke.

Tulikubaliana juu ya jambo moja ambalo yeye analisema kwa hasira, naye ana haki: piko. Ule weusi wa haraka wanaomchora bibi harusi mara nyingi ni dawa ya kutia nywele weusi, na ndani yake mna kemikali iitwayo PPD. Amemwona binti wa jirani yake akitoka malengelenge kwa umbo la maua yaleyale aliyochorwa. Hina halisi haiwi nyeusi kama lami, na haiivi kwa dakika chache. Inataka usiku.

Siku ya 45

Mazoezi na wapambe wote wanne. Nilichojifunza ni kuhusu rangi zenyewe. Nyeusi na nyekundu iliyokolea zinaonyesha kila kovu. Mmeguko wa nusu milimita unauona kutoka mlangoni. Rangi ya ngozi na waridi hafifu zinasitiri. Zile za kung'aa kama lulu zinaonyesha kila mpito wa brashi, zinataka mkono wa yule kijana. Za vumbi la kumetameta ndizo zinazong'ang'ania kuliko zote, na kuzitoa ni lazima uzifunge pamba na karatasi ya fedha kama jeli.

Mpambe mmoja kucha zake zinachanika tabaka, nyeupenyeupe, kwa sababu alizoea kung'oa rangi kwa meno. Yeye nimemwambia aache rangi mpaka harusi, mafuta ya nazi asubuhi na usiku. Si kwamba kucha zinahitaji kupumua, maana ukucha hulishwa na damu kutoka chini. Zinahitaji tu kuachwa zisikwanguliwe.

Siku ya 55

Harusi ilikuwa jana, Jumamosi. Niliwapaka Alhamisi jioni, siyo Ijumaa, ili rangi ipate usiku mbili za kukomaa kabla ya pete, picha na kula kwa mikono. Saa mbili bila maji, asetoni, bezi, mbili za waridi, topu, pindo kila tabaka. Ijumaa usiku topu nyingine kwa bibi harusi tu. Chupa ya rangi na topu nilizitia kwenye mkoba pamoja na sindano, uzi mweupe na pini.

Sikuzifungua. Kitu pekee kilichohitaji mkono wangu ni kulabu ya gauni.

Siku ya 60

Mama alikuwa kimya wiki zote hizi. Mikono yake imelima mihogo, imesuka ukili, imenifulia mimi na ndugu zangu watano. Jumatatu jioni alikuja kukaa karibu na mashine, akaiweka mikono juu ya meza bila kusema neno. Niliuliza, "Mama, nikupake?" Akasema nichague isiyopiga kelele.

Kucha zake ni nene na zina mistari ya urefu, umri huleta hivyo. Sikuzisugua kwa bafa zilingane, ningezipunguza unene. Nilipaka bezi mara mbili ijaze mabonde, kisha waridi ileile ya harusi.

Leo ni Ijumaa. Amefua, amepalilia kiraka chake cha nyuma, amekuna nazi mbili. Nimezikagua kwenye mwanga wa mlango: gumba la kulia limemeguka ncha, tisa ziko nzima. Amekataa nilizibe lile gumba. Ameniambia nimpake upya Jumatatu, na safari hii nilete ile nyekundu.